Rezista Zilizovishwa Koti

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Miaka thelathini alitengeneza redio, na redio zilipokosa wenyewe akaanza kuunda amplifaya za gitaa, zile za vali, vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama kaa la moto. Alifanyia kazi chumba cha mbele, na meza yake ilikuwa mlango mzee uliolazwa juu ya makreti.

Kila mtu husifu vali, lakini mbeba mzigo ni rezista, kidude mfano wa harage chenye michirizi ya rangi, kinachouzuia umeme usiingie kwa fujo. Shangazi alizipima moja moja kwa mita, na isiyosoma sawasawa aliitupa. Alizipima zikiwa baridi, kama alivyofunzwa na marehemu mumewe, na hakuwahi kujuta.

Basi siku moja mpiga gitaa wa bendi, kijana mrefu waliyemwita Twiga, akarudisha amplifaya aliyoichukua wiki mbili tu nyuma. Aliitua mezani kama mtu anayerudisha sufuria iliyotoboka. Ilitoa moshi arusini, bibi arusi ndio kwanza anaingia.

"Mimi sikulaumu, Shangazi. Macho nayo huchoka. Hii nitampelekea fundi mwingine."

Maneno ya upole, lakini bora angemtukana. Shangazi alimwomba siku mbili, akaipata ruhusa kwa shida.

Alipofungua, vali zote zilikuwa nzima na lehemu zake zinang'aa. Kilichoungua ni rezista moja ya wati mbili. Akaikwangua kwa kisu. Rangi ikabanduka nene kama ganda la yai, na ndani akakuta kidude chembamba cha nusu wati. Mtoto kavishwa koti la baba yake! Akachukua nyingine, mpya, ya pakiti ileile, akaipima: elfu kumi, sawasawa kabisa na michirizi yake. Safari hii hakuiondoa mita. Aligusisha chuma cha kulehemia kwenye mguu wa rezista. Namba zikapanda, elfu kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kama mwizi anayekimbizwa ngazini. Akajaribu ya zamani, iliyotoka kwenye redio mbovu. Ilitikisika kidogo, ikatulia.

Pakiti ile aliinunua kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwenye duka la vipuri.

Alifika dukani bado kavaa aproni, hajui amepita njia gani. Mafundi watatu walikuwa wameegemea kaunta. Shemeji akamkaribisha kwa utani wao wa siku zote, kwamba mjane amekuja kutafuta mume. Shangazi hakucheka. Alimwuliza kama alijua anauza nini.

"Rezista ni rezista, shemeji. Ulipima mwenyewe ukaridhika. Sasa vitu vyako vikiungua, mimi ndiye kiberiti?"

Mafundi wakacheka. Shangazi akaomba chuma cha kulehemia kilichokuwa nyuma ya kaunta, akaiunga mita yake kwenye rezista ya pakiti ile, akaigeuza wote waione, kisha akagusisha chuma. Namba zilipoanza kupanda, kicheko kikakauka. Mmoja aliyekwisha shika pakiti kama ile akairudisha taratibu mahali pake.

"Ulijua?" akauliza tena.

Shemeji aliitazama kaunta. Akanung'unika kwamba waliomletea walimwambia hakuna fundi anayepima ya moto.

"Kumbe ulijua. Kaka yako alikufa hajampa mtu kazi ya moshi, na jina lake ndilo linalonipa ugali pale mezani. Ukitaka kuuza mbuzi kwenye gunia, humo ndani usimtie kaka yako."

Shemeji akataka kumbadilishia pakiti. Shangazi akachukua mita yake, akaondoka.

Twiga aliporudi, Shangazi alikwisha weka ile rezista ya zamani; akamkalisha apige gitaa mchana kutwa bila kuzima, mpaka vidole vikamuuma. Haukutoka hata ukungu wa moshi. Twiga akaondoka na amplifaya yake, na yule fundi mwingine hakutajwa tena.

Lakini hasira ya Shangazi haikuwa imekwisha. Sasa ilikuwa imemgeukia mwenyewe. Pakiti ile ilikwisha ingia katika amplifaya tatu nyingine, na wenyewe walikuwa wakizisifu. Asubuhi iliyofuata alibisha hodi kwa mwalimu wa kwaya, mmoja wao, akaomba arudishiwe amplifaya.

"Mbona inalia vizuri?" mwalimu akashangaa. "Nani kakwambia ni mbovu?"

"Hakuna. Nimekuja kusema mwenyewe," Shangazi akajibu, akiinama kuchomoa waya. "Nilizipima baridi."