Mwisho wa Kitabu Ulifungiwa Karanga

Taabu yangu ilianza mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, na wanajeshi waliotwaa nchi walikuwa wanawawinda watu wa huko. Asubuhi moja alivaa sare akaenda kazini, hakurudi. Mama aliuliza mara moja tu, kwa sababu waliouliza mara ya pili nao walikuwa wanapotea. Wiki haikuisha, familia ya askari mwingine ikafika na magodoro yake kwenye chumba chetu cha kambi ya polisi. Tukahamia Namuwongo, mtaa wa mabanda wa Kampala, bondeni karibu na reli, mama akaanza kukaanga mihogo.

Nayasema haya mapema ili ujue nilikaa darasani nikiwa mtu wa namna gani. Sikwenda kucheza. Mkuu wa shule ya sekondari alimwambia mama kwamba mtoto wa mtu aliyepotea anaweza kubaki, mradi afaulu kila somo. Nikianguka somo moja, kiti changu anapewa mtoto ambaye baba yake yupo. Mama alipiga magoti kumshukuru. Mimi sikushukuru, lakini nilisoma. Hesabu sikuiogopa. Jiografia nayo niliiweza. Somo lililonikalia kooni lilikuwa fasihi ya Kiingereza, na mfupa wenyewe ulikuwa mwalimu wake.

Mtu mwembamba, tai shingoni hata kwenye jua, mtaalamu wa kusafisha koo kabla ya kusema jambo dogo. Kila zoezi lake liliishia na amri moja: eleza kwa maneno yako mwenyewe. Eleza tabia ya mhusika mkuu, kwa maneno yako mwenyewe. Taja mafunzo ya sura hii, kwa maneno yako mwenyewe. Na ole wako uandike maneno yako mwenyewe! Alitusomea maelezo yake kwa imla, sisi tukanakili, kisha siku ya kusahihisha alipita ndani ya madaftari yetu akitafuta maneno yake, kama mtu anayetafuta kuku wake kwa jirani. Akiyakuta, alama. Asipoyakuta, wino mwekundu. Hiyo ndiyo iliyoitwa fasihi. Kasuku wa mtaani kwetu angefaulu mtihani huo kwa daraja la kwanza.

Vitabu navyo havikuwepo. Wahindi wenye maduka walikuwa wamefukuzwa nchini, na waliogawiwa maduka hayo waliuza vilivyokuwa kwenye rafu, halafu wakauza rafu. Riwaya ya mwaka ule ilikuwa nakala moja kwa darasa zima. Mwalimu alichukua wembe akaikata mgongo, kila benchi likapata kipande chake. Mnakisoma, Ijumaa mmoja wenu anasimama mbele kuwasimulia wengine, kisha vipande vinabadilishana mabenchi. Benchi letu lilianzia katikati. Tulimjua mhusika mkuu akiwa tayari na ndevu, na utoto wake tukaupata wiki nyingi baadaye. Ukikunja kona ya karatasi unachapwa, maana kitabu, alisema mwalimu, ni kitu kitakatifu.

Kipande cha mwisho hakukigawa kwa benchi lolote. Alikwenda nacho nyumbani.

"Mwisho nitawapa mimi," alisema. "Ninyi mkipewa mwisho hamtasoma mwanzo."

Riwaya yenyewe ilihusu kijana aliyeacha nyumba ya baba yake akaenda kufanya kazi migodini nchi ya mbali, miaka ikapita bila hata salamu, na sasa yuko njiani anarudi. Hapo ndipo vipande vyetu vilipoishia. Tukakaa kumngoja mwalimu. Alisafisha koo, akatusomea mwisho kwa imla: kijana alifika, baba akamkumbatia, ng'ombe akachinjwa, kijiji kikacheza, funzo ni kusamehe. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kanisani Jumapili alijua mwisho ule ameuokota wapi. Darasa likanakili. Zoezi la kumaliza mwaka likawa hilo hilo: je, baba alifanya vyema kumpokea mwanawe? Eleza, unajua kwa maneno ya nani.

Sasa, nyuma ya shule kulikuwa na nyumba za walimu, na mke wa mwalimu wetu aliuza karanga za kukaanga dirishani. Simcheki kwa hilo. Mshahara wa mwalimu siku zile haukununua hata sabuni, na kila mke wa Kampala alikuwa na kitu dirishani. Nilinunua karanga zake mchana mmoja kabla ya kuandika zoezi. Alinipimia kwenye koni ya karatasi, akaniambia, "Kula, mwanangu, bado moto." Nilipozimaliza nikakunjua koni kulamba chumvi.

Karatasi ile niliijua. Weupe wake ule ule uliopauka, jina la riwaya limechapwa juu. Ulikuwa ukurasa wa mwisho kabisa.

Nilisoma nimesimama palepale. Kijana anafika kwenye nyumba ya baba yake na kumkuta mwanamke asiyemjua anaanua nguo. Mwanamke anamwambia hao anaowataja hawajui, wao walipewa nyumba hii. Anampa maji ya kunywa. Kijana anakunywa, anarudisha kikombe, anashukuru, anaondoka. Basi, kitabu kimekwisha. Hakuna ng'ombe, hakuna kusamehe.

Nilikuwa nimeona magodoro yakiingia chumbani kwetu. Hakuna aliyehitaji kunieleza ukurasa ule. Na yule bwana wa tai alikuwa nao nyumbani mwake, juu ya meza yake labda, wiki baada ya wiki, akashindwa kuufunua, mkewe akaufungia karanga.

Msichana niliyekaa naye benchi moja, binti wa mfanyabiashara wa Kongo, nilimwonyesha. Akausoma, akanirudishia haraka kama umemchoma.

"Wewe mtoto wa kambi, andika ng'ombe," akaniambia. "Unataka kufaulu au unataka kumshinda mwalimu?"

Aliandika ng'ombe. Wote waliandika ng'ombe. Mimi niliandika kikombe cha maji, na koni nikaibana na pini nyuma ya zoezi ili mwalimu asiseme nimeota.

Madaftari yaliporudi, langu lilikuwa na sifuri kubwa na maneno mawili: "Siyo hivyo." Pini ilikuwepo, karatasi haikuwepo. Nikasimama mbele ya darasa zima nikamuuliza ukurasa wangu uko wapi. Akasema hajaona ukurasa. Nikamwambia basi tutoke wote tukanunue karanga dirishani kwa mkewe, pengine leo anafungia sura ya kabla yake. Darasa lilicheka mpaka madirisha yakatetemeka, na mimi nikapelekwa kwa mkuu wa shule nikiwa nimeshikwa sikio.

Mkuu hakuwa mjinga. Alimtazama mwalimu tu, mpaka mwalimu mwenyewe akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati na kutoa karatasi, imekunjwa mara nne, ina mafuta. Mkuu akaisoma. Akasoma zoezi langu. Akamwambia mwalimu atoke nje.

"Ulichoandika ndicho kilichoko," aliniambia. "Lakini wenzake wote wamekimbilia Kenya. Ni yeye tu niliyebaki naye wa somo hili. Nikibadilisha alama hii, kesho naye hayupo."

"Kwa hiyo sifuri inabaki?"

"Inabaki."

"Basi baki naye," nikamwambia, nikatoka. Sikulia. Mlango niliuacha wazi makusudi.

Mama alinisikiliza huku anageuza mihogo. Nilingoja kofi. Aliuliza jambo moja tu: karanga zenyewe zilikuwa nzuri? Nikasema zilikuwa na chumvi nyingi. "Tutakaanga zetu vizuri zaidi," akasema.

Tulizikaanga. Niliziuza mbele ya lango la shule ile ile, na wanafunzi wakaliacha dirisha la mwalimu. Alipita kila siku na tai yake, macho kwenye viatu. Kutoka karanga nikaenda kwenye sabuni ya magendo, kutoka sabuni nikaenda Kisenyi, kwenye magereji, nikajifunza boliti za lori na beringi kwa kuzishika. Huko ukiulizwa swali na ukajibu jibu la mtu mwingine, gari linakwama Jinja na jina lako linakwama nalo. Shule ile haikunifundisha hata hilo. Wenzangu walioandika ng'ombe walipata vyeti. Wengine niliwaajiri, na bado wananingoja niwasomee imla.

Leo nina duka la spea za malori Kisenyi, milango miwili, jengo ni langu. Nina nyumba Kyebando, na vyumba vya kupangisha nyuma yake. Nina lori moja zima na moja linalotengenezwa. Nina tangi la maji, jenereta, na kaburi la mama lenye saruji. Cheti sina. Nina ng'ombe wachache kaskazini kwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, na hakuna aliyechinjwa kwa ajili ya mtu yeyote anayerudi.