Siku Niliyofungua Nyumba ya Jirani

Nianze kwa kuungama ujinga wangu mwenyewe, maana nikiwaachia wengine watautia chumvi. Kuna siku, miaka hiyo, nilivaa suti yangu ya harusi saa nne asubuhi katikati ya juma, nikasimama kwenye baraza la nyumba isiyokuwa yangu, na kumwambia afisa wa benki, "Karibu sana kwangu." Mtu aliyenishauri nivae ile suti amefariki wiki iliyopita huko kwao Ihanda. Habari zilinikuta palepale mnaponijua, kibarazani, bisibisi mkononi, redio ya mteja imepasuliwa tumbo mezani. Mpita njia alisimama akasema, "Yule wa mafaili hatunaye tena." Nikamuuliza kama amehamia Nakonde, kwa sababu watu wa Tunduma wakibanwa huwa wanavuka mpaka kwanza na kufikiri baadaye. "Amekufa, mzee," akanijibu, akaendelea na safari yake.

Kwa wasiomfahamu, marehemu alikuwa dalali wa mikopo. Ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na mkoba wa rangi ya kahawia na kiti cha kudumu kwenye mgahawa unaotazamana na benki, na chapati yake ilikuwa haiishi mpaka mteja atokee. Walimfuata wakulima wa kahawa wa Igamba, wafugaji kutoka bondeni Momba, wenye maduka ya vipuri na hata watumishi wa serikali. Yeye alijaza fomu, alijua mwenyekiti gani wa mtaa anapatikana na mhuri wake, alijua afisa yupi ana haraka na yupi anasoma kila mstari. Mkopo ukitoka, naye anatoka na chake. Wengi walipata mikopo ya halali kabisa kupitia kwake, na hilo lazima niliseme kabla sijamsema kwa lingine.

Lingine lenyewe ni hili. Nyumba yangu ya matofali ya kuchoma ilikuwa imefika kwenye lenta ikagoma, na mimi na familia tulikuwa tunaishi kwenye vyumba viwili vya uani tukiitazama. Miaka ilipita. Mke wangu aliacha kuniuliza habari za bati, akapanda maboga sebuleni. Yalistawi vizuri sana, mpaka moja likatambaa likatokea dirishani, na majirani wakawa wanasema nyumba yetu imeanza kutoa ulimi. Nikaona aibu, nikafanya jambo nisilolizoea: nilitoka nyumbani. Nikamfuata yule bwana mgahawani, akaja kukagua, akayatazama maboga kwa muda mrefu kuliko alivyoyatazama matofali.

"Mzee wangu," akasema, "benki haikopeshi maboga."

"Sasa nifanyeje?"

"Kiwanja chako kina ofa, barua ya kumilikishwa?"

"Ninayo ndani."

"Na hicho cha jirani?" Alikuwa anaitazama nyumba ya upande wa pili wa uzio, nyumba nzuri ya vyumba vinne, bati jekundu, madirisha ya kioo.

"Yeye bado anafuatilia yake. Sasa hivi yuko Msangano anavuna mpunga, ufunguo ametuachia sisi."

"Basi imekwisha. Karatasi yako, nyumba yake. Picha haina mdomo, mukwai." Hilo mukwai ni neno la heshima aliloliokota kwa Wabemba wa ng'ambo, na alimmwagia kila mtu aliyetarajia kulipwa naye.

"Na mwenyewe je?"

"Si umesema yuko Msangano, anavuna mpunga? Na ufunguo si mnao nyinyi? Mungu akupe nini tena?"

Ufunguo tulikuwa nao kweli. Jirani huyo ni mama mjane, na kila mwaka akishuka Msangano kwenye mashamba yake alimwachia mke wangu ufunguo ili awape kuku maji na kufungua madirisha nyumba isipate ukungu. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, juu ya kalenda. Sikufikiri, au niseme nilifikiri upande mmoja tu. Nilifikiri bati. Sikufikiri kwamba endapo ningeshindwa kulipa, watu wa mnada wasingekuja kwenye maboga. Wangekwenda kubandika tangazo kwenye mlango uliopigwa picha, na mjane wa watu angerudi na magunia yake ya mpunga akute nyumba yake inanadiwa kwa deni asilolijua. Marehemu hakulisema hilo. Na mimi sikuliuliza, maana jibu lake lingenilazimisha kurudi nyumbani bila mkopo.

Siku ya ukaguzi mke wangu alikwenda sokoni. Nikautoa ufunguo kwenye msumari. Afisa wa benki, aliyefika pamoja na yule bwana wa mafaili, alikuwa dada mmoja mpole, mwenye viatu vilivyokwisha kuwa vyeupe kwa vumbi, na kabrasha kubwa kifuani. Akapiga picha ya mbele, mimi na suti yangu nikiwa katikati. Kisha akaomba kuona ndani. Sebuleni kulikuwa na picha ya marehemu mume wa jirani, mtu mrefu, mwenye masharubu, amesimama pembeni ya lori lake.

"Huyu ni nani, mzee?"

"Ni mimi, zamani," nikasema. Mimi ambaye kwenye basi miguu yangu haifiki chini.

Yule bwana wa mafaili akakohoa. Dada akaandika kitu. Halafu akauliza, kwa heshima zote, "Samahani baba, naweza kutumia choo?"

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba mimi si mtu wa kutembelea watu. Nimeishi hatua ishirini kutoka nyumba ile, na sikuwahi kuvuka sebule yake. Nikafungua mlango wa kwanza: stoo, magunia ya mahindi. Nikaufunga. Nikafungua wa pili: kitanda cha mjane wa watu, kimetandikwa shuka la maua. Nikaufunga haraka zaidi. Dalali akajaribu kuniokoa. "Mzee huyu hakai nyumbani kabisa, ni mtu wa mihangaiko," akasema, kuhusu mtu ambaye mtaa mzima unamfahamu kwa kutotoka kibarazani. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wa tatu pale yule dada alipofunga kabrasha lake, taratibu, bila hasira.

"Mzee," akasema, "mtu hapotei kwake." Akaaga, akaenda kuomba choo kwa mwenyekiti wa mtaa.

Ningependa kuwaambia kwamba dhamiri ilinisuta. Haikunisuta. Kalamu ilikuwa mfukoni na ningesaini. Kilichomwokoa jirani yangu ni choo chake mwenyewe. Aliporudi kutoka Msangano nilimweleza yote, kwa kuogopa tu kwamba mwenyekiti atanitangulia. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Kisha akaingia kwetu, akautoa ufunguo kwenye msumari, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, akatoka. Tangu mwaka ule, akishuka bondeni, ufunguo anampelekea mama wa nyumba ya tatu, na anapita mbele ya kibaraza changu akiwa ameushika mkononi. Msumari wetu upo mpaka leo. Mke wangu hajawahi kutundika kitu kingine pale, na hajawahi kuniambia sababu.

Nimekuwa nikimfikiria marehemu tangu Jumatano, na kadiri ninavyomfikiria ndivyo ninavyoona kwamba alikuwa mtu wa wakati wake, kama bati la rangi na simu ya mkononi. Zamani mtu akitaka msaada alikwenda kwa ndugu au chama cha ushirika, akajulikana kwa ukoo wake na kwa shamba lake. Biashara zilipofunguliwa, wakaja watu wasiomjua yeyote, na mtu asiyekujua anataka karatasi. Hapa mpakani tulilielewa hilo mapema, kwa sababu hapa karatasi huvuka kwanza, ng'ombe anafuata. Watu wetu walikuwa na mashamba yasiyo na ramani, maduka yasiyo na vitabu, miaka isiyo na vyeti. Mtu mwaminifu kabisa, akijazwa kwenye ile fomu, alionekana hana kitu. Marehemu aliliona lile pengo akaweka kiti chake pale. Siku nyingine alilijaza kwa ukweli uliokuwa haujaandikwa, siku nyingine kwa nyumba ya jirani. Mkoba ulikuwa uleule. Siku moja nilimuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kukopa. Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mimi? Nazijua zile fomu zinavyojazwa!" Alikufa akiwa mpangaji.

Nilikwenda kumzika. Ndiyo, nilitoka, na waliokuwa kituo cha basi wanaweza kunishuhudia. Jirani yangu naye alikuwepo, maana miaka michache baada ya yale mambo alimtumia mtu huyohuyo kufuatilia ofa yake. Nasikia alimwambia kwa kifupi: "Andika ya kweli, na kila karatasi nitaisoma kabla haijaondoka." Akaandika ya kweli, na ofa ikatoka bila mtu kuvaa suti. Pale msibani wasifu ulisomwa, na marehemu akawa "mshauri wa masuala ya fedha, mpenda haki, aliyeacha alama kwa wengi." Nikajikuta natabasamu. Sote tuliokuwa pale tulikuwa tunamjazia faili lake la mwisho, na hakuna aliyeomba kuona vyumba vya ndani.

Njiani kurudi nilikaa kiti kimoja na jirani. Kwa kuwa msiba hulegeza ulimi, nikamwambia nilichokuwa nimekitafuna siku zote hizo: kwamba nimemsamehe marehemu kwa kunipotosha, na kwamba bila yeye nisingethubutu kumfanyia jirani jambo kama lile. Niliyasema vizuri, kwa sauti ya mtu anayeandika gazetini. Yeye alikuwa anatazama nje, kwenye mashamba ya kahawa. Nyumba yangu ina bati sasa, nimelinunua vipande vipande kwa redio za watu, na nilidhani muda umefanya kazi yake. Ninachokiandika hapa kama funzo ni kile alichonijibu, kwa sababu langu nililolibeba kutoka Tunduma mpaka Ihanda halikufika hata kituo cha kwanza cha kurudi. Aligeuka, akanitazama, akasema: "Mwache marehemu wa watu apumzike. Yeye alikuja na maneno tu. Ufunguo niliwapa nyinyi, na mlango uliufungua wewe."