Waya Mmoja Chini ya Nyuzi

Wiki moja baada ya mazishi, mashemeji wa Nanzala walikuja mtaa wa Huruma na pikapu ya kukodi, wakabeba kila kitu cha marehemu isipokuwa gitaa. Walibeba redio, blanketi mbili, koti la mvua, na viatu ambavyo havingemtosha hata mmoja wao. Walibeba hata cherehani, ambayo haikuwa ya marehemu hata kidogo. Nanzala aliolewa akiwa nayo. Baba yake ndiye aliyemnunulia. Alisema hivyo, akarudia, lakini ni nani wa kumsikiliza mjane aliyenyolewa kichwa juzi tu?

"Hii hatutaki," alisema Wanyonyi, kaka mkubwa wa marehemu, akilisukuma gitaa kwa ncha ya kiatu. "Hii ndiyo ilimmaliza Kituyi. Na si ni wewe uliitengeneza na mikono yako, Mama Nekesa? Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kaa na kitu yako."

Wakawasha gari wakaenda zao. Lo, watu wengine wana roho! Mtu akikunyang'anya mali, utalia, utanyamaza, maisha yataendelea. Lakini mtu akichukua vyote, hata kijiko cha ugali, halafu akuachie kitu kimoja tu kwa makusudi, huyo hajakuhurumia. Amekuhukumu. Nanzala aliketi kwenye saruji tupu, mtoto wake Nekesa amelala mgongoni, akilitazama lile gitaa, akajiuliza. Je, ni kweli? Ni mkono wake uliomuua mume wake?

Maana kulitengeneza, alilitengeneza. Hilo hawezi kulikana.

Gitaa liliingia nyumbani mwaka wa njaa, themanini na nne, ule mwaka wa mahindi ya manjano. Kituyi alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na alikuwa amejibana miezi mingi ili amnunulie mama yake mabati kule kijijini. Jumamosi moja akatoka kwenda mjini kuyaulizia mabati. Akarudi na gitaa la umeme. Jekundu, limetoka Japani, lilikuwa limening'inia kwa Mhindi hadi rangi ikapauka upande mmoja kwa jua. Lilikuwa la bei ya chini kuliko yote dukani, na hata hivyo pesa za mabati zilikwisha.

"Mama atanyeshewa," Nanzala alimwambia.

"Nikianza kupiga hotelini nitamjengea nyumba ya mawe," akajibu Kituyi, macho yanamng'aa. Wanaume! Wanyonyi aliposikia habari hiyo alikataa kusalimiana naye hadi Krismasi.

Na gitaa lenyewe, ukweli usemwe, lilikuwa bovu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya debe. Yeye na Nanzala walilipeleka kwa Gerishon, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na barabara. Gerishon akalifungua, akatoa kile kidude chenye sumaku kinachokaa chini ya nyuzi, akawaonyesha. Sumaku ilikuwa nzuri, ila waya wa shaba ulioizunguka ulikuwa umekatika ndani na kuungwaungwa. Dawa ni kuuondoa wote na kuzungusha mwingine, mwembamba kama unywele, mizunguko elfu kadhaa, bila kukata.

"Mimi mkono wangu ni wa kupiga misumari," Gerishon akasema. "Hiyo kazi inataka fundi wa nguo."

Basi ikawa kazi ya Nanzala. Waya waliutoa kwenye transfoma ya redio iliyokufa. Alikifunga kile kidude pale kwenye cherehani panapojaziwa uzi wa bobini, akakanyaga taratibu, waya ukipita kati ya vidole vyake viwili, akihesabu kwa sauti. Kituyi aliketi mkabala naye akiweka punje moja ya mahindi kwenye sahani kwa kila mizunguko mia. Waya ulikatika mara mbili wakaanza upya. Mara ya tatu ulikubali. Punje zilikuwa hamsini na tatu, na jioni ile walizichemsha wakazila, wakacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Sauti ilibadilika, wacha wee! Ikawa nene, tamu, ya kuingia kifuani. Lakini pamoja na utamu ukaja mvumo. Kila gitaa lilipochomekwa, spika ilivuma mmmmm, hata kabla nyuzi hazijaguswa. Mwenye hoteli mmoja mjini alisikiliza dakika moja tu, akasema, "Kijana, ondoa hiyo nyuki yako hapa." Nyumbani Nanzala naye alichoka. Chumba ni kimoja, ukuta ni wa mabati, na mvumo unakuingia hadi kwenye meno.

"Kituyi, mimi na hiyo mbu yako, mmoja atahama," alimwambia. "Ifanye inyamaze."

Wakarudi kwa Gerishon. Gerishon akacheka, akasema hilo ni jambo dogo. Gitaa zuri hutoka kiwandani na waya mmoja unaoanzia kwenye chuma kinachoshika nyuzi hadi pale gitaa linapochomekwa, kwa hiyo nyuzi zinakuwa zimeungana na chuma cha amplifaya. Mpigaji akizigusa tu, kelele inakufa. Hili la bei nafuu halikuwekewa. Na kwa kuwa nafasi ya kupitisha mkono ilikuwa finyu, Nanzala ndiye aliyeingiza vidole, akaushika waya, akaulehemu mwenyewe kwa chuma cha moto cha Gerishon. Kituyi alichomeka, akagusa nyuzi. Kimya. Halafu akapiga.

Wiki hiyo hiyo akachukuliwa na bendi. Kwa mwaka mmoja na zaidi, waya ule wa Nanzala ndio uliowalisha.

Mwaka wa themanini na sita bendi iliitwa ikapige kule Soy, kwenye harambee. Haikuwa kuombwa, iliitwa, na nani angekataa miaka ile? Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Jukwaa lilikuwa la mbao mbichi, jenereta inanguruma nyuma ya lori, nyaya zimelazwa kwenye matope na kuungwa kwa vipande vya mfuko wa plastiki. Nanzala alikuwa mbele, kati ya akina mama, mtoto mgongoni.

Wimbo wa kumkaribisha mgeni wa heshima ukaanza. Ilipofika zamu ya kuitikia, Kituyi alisogea kwenye maikrofoni, mkono ukiwa kwenye nyuzi, akaweka mdomo. Akakakamaa. Akaanza kutetemeka, magoti, mabega, kichwa kimetupwa nyuma. Watu wakapiga vigelegele wakidhani ni mtindo mpya. Wakapiga makofi. Nanzala naye alipiga makofi. Hilo hajawahi kumwambia mtu, na hatamwambia.

Alipoanguka, jenereta ikazimwa, akabebwa nyuma ya lori. Mwenye kuendesha sherehe alitangaza kwamba kijana mmoja amezidiwa na furaha, kwaya ya akina mama wa kanisa ije haraka, mgeni bado hajahutubia. Na mgeni akahutubia, saa nzima. Baadaye ikaandikwa kuwa ni ajali, mapenzi ya Mungu. Mpiga ngoma wa bendi aliuliza mbele ya watu ni nani aliyefunga umeme ule. Akaulizwa naye kama kadi yake ya chama iko wapi, na kama anajua anamharibia nani sherehe. Hakuuliza tena.

Ndiyo maana watu walihitaji kitu kingine cha kulaumu, na kitu kisichoweza kumkamata mtu ni gitaa. Gitaa, na mwanamke aliyelishika.

Siku ya tatu baada ya pikapu kuondoka, Nanzala alilifunga gitaa kwa leso, akalipeleka kwa Gerishon. Huyu fundi hakuonekana matangani hata siku moja, jambo lililowashangaza wengi. Alipomwona mlangoni alisimama, akapangusa stuli kwa mkono wa shati.

"Pole sana, Mama Nekesa."

"Sikuja kupewa pole. Fungua hii kitu, uniambie kama ni mimi."

Gerishon alifungua skrubu moja moja, polepole, kama mtu asiyetaka kufika mwisho. Akaangalia ndani kwa muda mrefu.

"Hii shaba uliyozungusha haiwezi kuua hata nzi," akasema. "Hiyo toa kwa roho."

"Na ule waya?"

"Ni wa kawaida. Magitaa yote mazuri yako nao. Makosa ni ya wale walifunga umeme Soy. Amplifaya ilikuwa imeshika moto wa stima, maikrofoni ilikuwa laini ingine, na yeye akashika zote mbili. Lakini hiyo utaenda kuambia nani? Mimi mwenyewe nitaambia nani?" Akaufuata waya kwa kidole. "Waya hauna makosa, mama. Hauna."

Na huku akisema hivyo, mkono wake ukachukua koleo mezani, ukaingia ndani ya gitaa, ukaukata.

Nanzala alisikia ule mlio mdogo, ti. Akamtazama.

"Kama hauna makosa, mbona umeukata?"

Gerishon hakuinua uso. "Utauza gitaa," akasema hatimaye. "Atashika mtu mwingine."

"Bila huo waya angekuwa hai?"

"Mama Nekesa..."

"Nijibu, Gerishon."

"Nyuzi hazingekuwa na stima." Akaweka koleo chini. "Angekuwa hai. Na ni mimi nilisema uwekwe. Ndiyo sababu sikukuja matanga. Ningekaa wapi?"

Nanzala hakulia, alikuwa amekuja kulitafuta jibu, na sasa analo. Wanyonyi na kejeli zake zote, alikuwa amesema kweli nusu, na nusu hiyo ingetosha kumwua mtu.

"Chomeka," akasema.

"Ya nini, mama?"

"Chomeka tu."

Gerishon akafunga skrubu, akachomeka gitaa kwenye amplifaya kuukuu iliyokuwa pembeni, akawasha. Mvumo ukatoka, mmmmm, ule ule wa zamani, wa kuingia kwenye meno, ukajaa kibandani. Fundi akanyoosha mkono haraka azime, maana alijua jinsi mwanamke huyu alivyouchukia.

Nanzala akamshika kiganja.

"Wacha," akasema. "Wacha ilie."