Tuligawana punda kila mtu na wake, punda wakakataa

Wakuu, hamjambo. Kisa hiki ni changu mwenyewe, hapa hapa Kayole, na sijakitia chumvi. Ukiona nadanganya, njoo pale tunapochotea maji nikuonyeshe shahidi. Yeye hajui kudanganya, ni punda.

Mimi nauza maji kwa mkokoteni. Mifereji ikikauka mnatukumbuka, mvua ikinyesha mnatupita kama hamtujui. Sawa tu, tumezoea.

Biashara niliianza na rafiki yangu Ndung'u. Tulikuwa na mkokoteni mmoja wa punda wawili, wote majike. Mkubwa tulimwita Chairlady, kwa sababu bila yeye kukubali hakuna kinachoanza. Mdogo ni Kanini. Tuliwanunua siku moja na wakavuta pamoja miaka minne. Hata kupumzika, mmoja aliweka shingo yake juu ya shingo ya mwenzake.

Niseme mapema, sisi si watu wa kiboko. Pedi za mabegani nilizishona mwenyewe kwa godoro kuukuu ili wasichubuke. Jumapili mimi niko kanisani, wao wako kwa nyasi. Kwa hiyo nilijiona mtaalamu wa punda. Shikilieni hapo.

Tulikosana kwa sababu ya rangi. Ndiyo, rangi.

Ndung'u alipeleka mkokoteni kwa fundi wa rangi uandikwe jina. Ukarudi umeandikwa NDUNG'U WATER ubavuni, herufi kubwa. Jina langu liliwekwa nyuma, chini ya mitungi, mahali ambapo hata mimi nililazimika kuinama ndiyo nilisome.

Nikamwambia maneno. Akanirudishia maneno. Wiki hiyo hiyo tukagawana kama watu wastaarabu. Yeye akachukua mkokoteni wake wa jina na Kanini, akahamia Dandora. Mimi nikabaki na Chairlady na mitungi, nikatafuta mkokoteni mdogo wa punda mmoja. Tukashikana mikono, nikaenda kona nikam-block.

Haki sawa, kila mtu na wake. Wenyewe hatukuwauliza.

Siku ya kwanza Chairlady hakuvuta. Alisimama akiangalia kushoto, upande ambao Kanini alikuwa akifungwa. Nikasema hicho ni kiburi, kitaisha.

Siku ya pili akaacha nyasi. Nikamletea majani ya mahindi. Nikamletea maganda ya ndizi, ambayo siku zote huniibia hadi mfukoni. Akanusa, akageuza uso.

Hapo utaalamu wangu ukaanza. Nikampa dawa ya minyoo. Nikamwangalia meno. Jirani akasema ni gesi, nikamnywesha soda. Usicheke, hata wewe ungemnywesha.

Siku ya nne hakuamka. Mke wangu akatoka nje, akamwangalia, akaniangalia mimi.

"Baba Brayo, mnyama anakufa na wewe unamletea soda? Ita daktari."

Daktari wa mifugo alikuja, mama mmoja mpole mwenye buti za mpira. Akampima, akasikiliza tumbo. Upole uliisha aliposikia habari ya soda, alinikaripia mpaka majirani wakatoka. Kisha akauliza:

"Amekuwa peke yake tangu lini?"

"Siku nne, daktari."

"Mwenzake alikufa?"

"Hapana. Ako Dandora."

Akavua miwani. "Punda wakizoeana hivi, ukiwatenganisha wanaomboleza. Na punda asipokula, mafuta ya mwili wake yanaingia kwa damu, yanamuua. Nimempa maji na glucose kwa mpira. Lakini mlete huyo mwenzake leo. Si kesho."

Wakuu, niliogopa. Si kazi tu niliyoifikiria. Miaka minne huyo ndiye mtu wa kwanza kunisalimia asubuhi.

Nikakaa juu ya mtungi, nikamu-unblock Ndung'u. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuanzia. Simu haikulia mara mbili.

"Ni Chairlady?"

Hata hello sikuwa nimesema.

"Hataki kula. Daktari amesema anaweza kufa."

"Buda, huyu Kanini pia amenitesa. Kila asubuhi nikimfunga anageuza mkokoteni anaelekea Kayole. Nimeangusha meza ya mama wa soseji za smokie mara mbili! Nilitaka kukupigia, lakini si uliniblock?"

"Ndung'u, kuja naye."

"Tayari nafungua kamba."

Alifika jua likiwa bado kali, ametembea na Kanini njia yote, shati limelowa. Wakiwa kwenye kona ya kinyozi, Kanini akalia. Kilio cha punda mnakijua, hakina aibu.

Masikio ya Chairlady yakasimama. Kisha akajikokota, miguu ikasimama pia. Akajibu kwa sauti mpaka kinyozi akatoka na mashine mkononi, mteja nyuma yake amenyolewa nusu.

Wakanusana. Kanini akaweka shingo juu ya shingo. Wakatulia hivyo. Halafu Kanini, mlafi yule, akainamia nyasi. Chairlady akainama naye. Akang'ata, akatafuna.

Nililia, sifichi. Ndung'u alikuwa ameinama anajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiwa na punda wawili waliozoeana, hao ni kitu kimoja, usijifanye hakimu. Na punda akiacha kula, ita daktari siku hiyo hiyo. Soda kunywa wewe.

Sasa tunafanya kazi pamoja tena. Wiki iliyopita tulirudisha mkokoteni kwa fundi yule yule. Ubavuni umeandikwa CHAIRLADY NA KANINI WATER, herufi kubwa. Majina yetu yako nyuma, chini ya mitungi.

Wenye punda, ng'ombe, hata paka, tupeni visa vyenu hapa. Na ukikutana nasi Kayole ukitaka kujua mimi ni nani, itabidi uiname.