Mlowezi wa Kidato cha Pili

Mwalimu wa historia pale Itigi hausimulii ukoloni. Huingia darasani akiwa mlowezi aliyekuja kutwaa ardhi. Kwa vidole vyake virefu, vilivyojaa chaki, huchora mpaka sakafuni kuyazunguka madawati ya dirishani penye upepo, kisha hutangaza kwa upole, “Shamba hili ni langu.” Wanafunzi huhamia upande wa jua, wakabanana, naye hungoja mapinduzi huku akipangusa miwani isiyo na vumbi. Mwaka huu alingoja wiki nzima. Aliwabebesha vitabu vyake, akawakataza kucheka, akala karanga zao, wakamwongezea. Akaanza kuhofia kwamba mada ingeisha yeye akiwa bado mtawala.

Ijumaa Dorkas, kiranja wa darasa, alisimama, mikono nyuma. “Shikamoo, mwalimu. Tunaomba ruhusa ya kuasi.”

“Marahaba. Ruhusa sitoi,” alijibu.

Dorkas akawatazama wenzake. “Basi utusamehe, mwalimu.”

Darasa zima likainua madawati, na kila aliyevuka mstari alimwomba radhi kwa kuinamisha kichwa. Mlowezi akageukia ubao, akafuta mahali pasipoandikwa kitu, mpaka tabasamu lilipomtoka usoni.