Mitetemo ya Flemingdon Park

Miaka sita Cherotich alifanya kazi chini ya Wayne, na miaka yote sita hakumpenda. Wote wawili walitoka Eldoret, na Wayne ndiye aliyemwombea kazi katika kampuni ile ya kupima ardhi huku ng'ambo. Basi fadhila hiyo akaigeuza kamba ya kumfungia. Kila Cherotich alipofungua mdomo kikaoni, alikumbushwa nani alimleta.

Safari hii mteja alitaka kupigilia nguzo za chuma ardhini, mtaani Flemingdon Park, hatua chache kutoka jengo la wapangaji. Swali lilikuwa moja: udongo wa pale humeza mtetemo haraka, au huufikisha ukutani? Cherotich alifukia vipima mtetemo kumi na viwili kwa mstari, akaviacha wiki mbili visikilize mabasi na malori ya kila siku. Hakuna haja ya baruti ya kutikisa ardhi. Ukilinganisha nguvu ya mtetemo kutoka kipima hadi kipima, unaona unavyofifia.

Ripoti aliyoiandika Wayne ilipomfikia atie saini, ilisema mtetemo unakufa ndani ya mita ishirini. Cherotich alicheka kwa hasira. Wayne alikuwa amezisawazisha nguvu za rekodi zote, kama alivyozoea katika kazi za kutafuta kasi ya mawimbi, ambako lori moja lenye kishindo huvuruga hesabu. Vishindo vikubwa vilivyofika mbali vikashushwa vikawa sawa na kelele ndogo zinazofia njiani. Lakini hapa nguvu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipimwa! Mjinga huyu alikuwa amepiga pasi mikunjo aliyotumwa kuihesabu.

Cherotich akarudia kazi kwa rekodi mbichi, zisizosawazishwa. Mtetemo ulifika ukutani ungali na nguvu. Akampelekea Wayne karatasi mbili, hesabu ya zamani na mpya.

Wayne hakuzisoma. Alisema mteja ameshaahidiwa ripoti Ijumaa, na asiyetaka kusaini mlango anaujua.

"Kwani hapo wanaishi kina nani, bana? Ni tenants tu. Ukuta ukipata ufa, watapaka rangi."

"Naishi mimi," Cherotich alisema. "Ghorofa ya tisa. Six years, Wayne, na hujawahi kuniuliza nakaa wapi."

Wayne aligeuka akatazama dirishani. Cherotich hakungoja radhi. Pale pa saini kwenye ripoti aliandika kwamba anakataa, akaeleza sababu, akamtumia mteja nakala Wayne akiwa amesimama palepale. Kisha akavua kitambulisho cha kazi, akakiweka mezani juu ya zile karatasi mbili.