Kaaha na Mota Ndogo za Suqmugdi

Ukiingia soko la Suqmugdi mjini Garissa kwa upande wa wauza nguo, utapita maduka mengi ya shashi na madera kabla ya kufika kwa Kaaha Yarow. Duka lake halina tofauti na mengine mpaka uinue macho. Juu ya rafu ya madera ya maua kuna rafu nyingine, na huko kumejaa mota. Zipo za ukubwa wa ngumi, zipo za ukubwa wa kifuniko cha soda, na zipo zilizo ndogo kama punje ya dengu, zile zinazoifanya simu itetemeke. Mteja mgeni hudhani ni bidhaa. Kaaha humwambia, "Hizo ni zangu. Wewe chagua dera."

Alizaliwa Eldas, kaunti ya Wajir. Baba yake, mzee Yarow, alikuwa na kiduka cha sukari, majani ya chai na betri za tochi, pamoja na redio kaseti iliyowakusanya majirani kila jioni kusikiliza habari. Siku moja redio ile ilianza kukokota kanda. Mwimbaji akasikika kama mtu anayesinzia. Mzee akaiweka kando, na Kaaha, akiwa bado shule ya msingi, akaifungua kwa kisu cha jikoni.

Ndani akakuta kidude cha duara chenye nyaya mbili. Akazigusisha kwenye betri ya tochi, na kijiti kilichotokeza katikati kikaanza kuzunguka. Akakata bati la kopo la maziwa, akalikunja kama mapanga ya feni, akalibandika juu ya kijiti, kisha akampelekea mama yake usoni alipokuwa anachemsha chai. Mama akashtuka, halafu akafumba macho akaufurahia upepo.

Mzee Yarow aliporudi alisimama mlangoni. "Nani amefungua redio yangu?"

"Mimi, aabe."

"Utaweza kuifunga?"

"Nitaweza."

Akaifunga. Haikucheza kanda tena, lakini habari ilizisoma vizuri, na mzee akatosheka na hapo. Tangu siku hiyo kila kifaa kilichokufa pale Eldas kilipelekwa kwa binti Yarow kabla ya kutupwa. Kwa kuvunja kimoja baada ya kingine akaielewa mota: sumaku pembeni, waya wa shaba uliosokotwa katikati, na vipande viwili vyembamba vinavyogusana na ile sehemu inayozunguka ili kuipa umeme. Vipande hivyo ndivyo brashi. Aliona pia kwamba mota nyingi zilikufa hapo hapo kwenye brashi, kwa kusuguana, kwa moto na kwa vumbi. Na vumbi la Eldas ni jingi.

Alipoolewa na Abdihafid, daktari wa mifugo, wakahamia Garissa. Kaaha akafungua duka la nguo, likashika vizuri. Mota hakuziacha. Alizitoa kwenye magari ya watoto yaliyoharibika, kwenye mashine za CD zilipopitwa na wakati, kwenye printa za maofisini. Abdihafid hakumkataza, ila hakukosa neno.

"Kaaha," alimwambia jioni moja, "leo mtu ameniuliza kama mke wangu anauza madera au feni."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hata mimi nangoja kujua."

Mambo yalibadilika kupitia kinyozi wa soko lile lile, Mustaf, ambaye naye alipenda vitu vinavyozunguka. Mustaf alipewa droni iliyoanguka kwenye harusi, mwenyewe mpiga picha alipokata tamaa nayo. Akaifungua kwanza, kisha akakimbia na mota zake nne na kisaketi chake mpaka dukani kwa Kaaha.

"Abaayo, shika hii. Izungushe kwa kidole."

Kaaha akaizungusha. Ilikuwa nyepesi, ya ukubwa wa kifuniko cha soda, na ilisita kidogo kidogo chini ya kidole chake, kama kitu kinachokataa kisha kikakubali. Nyaya zake zilikuwa tatu badala ya mbili. Akachungulia ndani akitafuta brashi, akazikosa.

"Sasa umeme unaingiaje?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe."

Wakakaa nayo mchana kutwa. Waya wa shaba, ambao katika mota zote alizozijua Kaaha ndio uliozunguka, hapa ulikuwa umetulia katikati. Kilichozunguka ni gamba la nje lenye sumaku. Kisaketi kidogo kilikuwa kinagawa umeme kwa zamu katika nyaya zile tatu, na sumaku zinaufuata. Hakuna kinachosuguana ila gololi za beringi. Walipoitia panga lake na kuiunganisha na betri za kompyuta ya zamani, ilivuma kwa sauti nyembamba, ikapeperusha shashi mpaka dari. Kaaha aliishusha ile shashi akiwa anatabasamu. Miaka yote ile alikuwa anafufua kitu ambacho kilitengenezwa kiishe. Hiki hapa hakikutengenezwa hivyo.

Wakaagiza nyingine Nairobi, zikaja kwa basi. Abdihafid alikuwa na maboksi meupe ya povu yanayokuja na chanjo za mbuzi. Kaaha akayachonga kwa waya uliopashwa moto, akatengeneza ndege ndogo ya rimoti. Wakaenda kuirusha uwanda ulio nje ya mji, njia ya Dadaab. Ilipaa vizuri, ikageuka, ikarudi. Walikuwa bado wanapongezana gari la polisi lilipofika.

Ofisa aliyeshuka alikuwa mtu wa bara, mpole, lakini hakuwa anatania.

"Mama, hii ni yako?"

"Ni yangu, afande. Ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo. Lakini huku, mtu akiona kitu kinapaa, hatungoji kuuliza kama ni mchezo. Bila kibali, usirushe tena."

"Na nikiomba kibali?"

"Omba. Itachukua muda." Akaigeuza ile ndege mkononi, akaonekana kuvutiwa nayo. "Umeitengeneza mwenyewe? Basi tengeneza kitu kinachokaa chini, mama. Kitu cha chini hakuna atakayekuuliza."

Mustaf alinuna mpaka mjini. Kaaha hakununa. Alikuwa anawaza bwawa la kunyweshea ngamia lililo pembeni mwa mji, na jinsi lilivyokuwa pana baada ya mvua.

Mashua ndogo ya kwanza aliichonga kwa povu lile lile, akaitia mota ya zamani yenye brashi, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo kubwa. Ilikwenda, maji yakaingia, ikatoa moshi ikazimika katikati ya bwawa mbele ya ngamia waliokuwa wanakunywa. Ya pili aliitia mota isiyo na brashi. Maji yakaingia vile vile, na mota ikaendelea kuzunguka humo humo majini kana kwamba hakuna lililotokea. Betri na kisaketi alivifungia ndani ya mkebe wa chakula, akaziba mianya kwa silikoni. Ikawa kila Ijumaa baada ya alasiri watu wanakuja bwawani na mashua zao. Walikuja fundi wa simu, mwalimu wa hesabu, mama muuza maziwa. Wakashindana, wakacheka, wakarudi nyumbani.

Kisha ukaja ule mwaka wa mvua za El Niño, mto Tana ukatoka kwenye kingo zake.

Asubuhi moja Kaaha alikuwa anapandisha bidhaa kwenye rafu za juu, kwa tahadhari, simu ikalia. Alikuwa Qabale, mteja wake wa nyuzi za kushonea magunia. Qabale na mumewe Dokata walilima ndizi na tikiti kando ya mto.

"Kaaha, maji yametuzunguka," Qabale alisema. Nyuma yake watoto walikuwa wanalia. "Yamepita nyuma ya shamba. Tuko kwenye kibanda cha pampu. Tumeita watu wa maboti, wanasema wako Madogo ng'ambo ya mto, barabara imekatika na kuna watu wengi. Wakimaliza watakuja. Lakini maji yanapanda."

"Mko wapi hasa?"

"Chini ya ile miti ya mikoma. Ukisimama huko mjini utatuona."

Kaaha alipofika ukingoni aliwaona kweli. Walikuwa wamesimama juu ya sakafu iliyoinuliwa, Dokata na mkewe na watoto watatu. Kati yao na nchi kavu palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana kama uwanja wa mpira, yakienda kasi na kubeba magogo. Ukingoni walisimama wakulima na mtumbwi mmoja. Wanaume wawili walikuwa wamejaribu kuvuka kwa kasia, mkondo ukawabeba, wakaponea kwenye mgunga. Waliokuwa na kamba hawakuwa na wa kuipeleka ng'ambo. Hakuna mtu angeogelea, kwa sababu mamba walikuwa wameonekana tangu jana.

Kaaha alikuwa amekuja na mashua yake chini ya kwapa, Mustaf nyuma yake na mfuko. Mzee mmoja akamtazama kwa hasira.

"Binti, watu wanataka kuzama na wewe unaleta kitu cha kuchezea?"

"Ndiyo, adeer," Kaaha alisema. "Na hiki hakiogopi mamba."

Alichotaka ni rahisi kueleza. Mashua haiwezi kuvuta kamba nene, lakini inaweza kupeleka uzi. Ng'ambo Dokata atavuta uzi, uzi utavuta kamba nyembamba, nayo itavuta ile nene.

Mara ya kwanza walimwachia Mustaf ashike uzi ukingoni huku mashua ikiuvuta. Ilipofika nusu ya njia mkondo ukaushika uzi wenyewe, ukaukunja kama upinde, na mashua ikarudishwa nyuma mota ikiwa inalia kwa nguvu zote. Waliivuta mpaka ukingoni. Kaaha akatoa magugu kwenye panga la mota, akagusa mota. Ilikuwa na joto, lakini nzima.

"Nguvu inayo," alimwambia Mustaf. "Kosa ni letu. Tunaifanya iburute uzi wote."

Akafungua mfuko, akatoa koni nzima ya uzi wa magunia kutoka dukani. Akaisimamisha juu ya mashua, akaifunga kwa mpira. Sasa uzi ungefunguka kutoka juu ya mashua yenyewe na kulala majini nyuma yake, bila kuburutwa. Kisha akatembea kuupanda mto, mbali na pale watu walipokuwa wamesimama, ili mkondo umsaidie badala ya kumpinga. Mustaf akafunga ncha ya uzi kwenye kifundo cha mkono wake.

"Bismillahi," Kaaha akasema, akaiachia.

Mashua ikaondoka ikielekeza pua yake juu ya mto huku maji yakiisukuma chini, kwa hiyo ikawa inavuka kimshazari. Gogo likaipita. Pua ikazama, ikaibuka. Uzi ulikuwa unafunguka kimya kimya, mzunguko baada ya mzunguko. Watu walikuwa wamewafuata ukingoni. Yule mzee alikuwa amemkamata Mustaf bega bila kujijua. Kaaha hakuangalia kitu kingine ila ile nukta nyeupe na kidole chake kwenye rimoti. Alikuwa anaijua mashua ile kuliko alivyoyajua mengi duniani, na hakuwa na hofu nayo.

Dokata akalala kifudifudi, akanyoosha mkono, akaikamata.

Kelele iliyotoka ukingoni ilisikika mpaka barabarani. Dokata akavuta uzi polepole kama alivyoelekezwa kwa simu, kamba nyembamba ikafika, kisha nene, akaifunga kwenye mkoma. Upande huu wakaifunga kwenye mgunga. Mtumbwi ukasafiri umeshikiliwa na kamba ile, wanaume wakiivuta mkono kwa mkono. Walikuja watoto kwanza pamoja na Qabale, wa mwisho Dokata, akiwa ameipakata mashua ya Kaaha kifuani kama mwana-mbuzi aliyezaliwa leo. Boti la uokoaji lilipofika, wenye nalo waliomba kamba ile iachwe, kwa kuwa kulikuwa na mashamba mengine chini. Kaaha na mashua yake walikwenda nao, na hadi jioni watu wengine walikuwa wamevuka.

Abdihafid alimkuta ukingoni, dera limelowa mpaka magotini.

"Yule mtu aliyeniuliza," alisema, "sasa nina jibu lake."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia aje Ijumaa bwawani aone."

Wageni wengi walikuja baada ya hapo kumsifu Kaaha. Aliwapokea, akawapa chai, na walipouliza kama alijua tangu mwanzo kwamba mchezo wake utaokoa watu, alisema hapana, alikuwa anapenda tu kuona kitu kikizunguka. Hakuona haya kusema hivyo. Qabale naye alikuja, maji yalipopungua na shamba lilipoanza kupandwa upya. Kaaha alimwekea nyuzi za magunia mezani kama kawaida.

"Leo sikuja kwa nyuzi," Qabale alisema. "Nifundishe ile mashua."

Akamfundisha. Qabale ana mkono mtulivu, na baada ya msimu mmoja alikuwa amejifunza kusokota waya wa shaba mwenyewe, mizunguko mingi ya waya mwembamba akitaka nguvu, michache ya waya mnene akitaka mbio. Ijumaa iliyopita mashua yake iliipita ya Kaaha kwenye mzunguko wa mwisho wa bwawa, mbele ya mwalimu wa hesabu, fundi wa simu na ngamia wote. Kaaha alidai marudio papo hapo, Qabale akabadilisha betri, na wakazipanga mashua tena mstarini.